Tulipohesabu Makala za Kifafa

Kazi yenyewe ilianza kama mchezo wa hesabu. Mwalimu wetu alitaka kila kikundi kichague mtafiti mmoja wa tiba aliyefanya kazi Afrika Mashariki, kieleze kwa Kiswahili alichoandika, kisha kieleze makala zake zimerejelewa na wenzake kiasi gani. Kurasa nne, dakika kumi mbele ya darasa, na onyo moja: kikundi kitakachotoa neno la Kiingereza kitanunua chai ya darasa zima. Sisi tulinunua mara mbili.

Tulikuwa watatu. Mmoja wetu alizaliwa mkoani Morogoro akaletwa Maryland akiwa na miaka sita. Wa pili ametoka Mombasa, na hakosi kutukumbusha. Wa tatu ni Mmarekani, mtoto wa Columbia hii hii, aliyejifunza Kiswahili ukubwani, akaenda Unguja kiangazi kimoja, akarudi na ngeli safi kuliko zetu sote wawili, jambo ambalo hatujamsamehe. Tukawa tunakutana Columbia kwa sababu mama wa mwenzetu wa Morogoro anakaa huko, upande wa Long Reach, na nyumbani kwake wali haukosekani.

Kwa wasiopajua, Columbia si mji uliokua wenyewe kama Mahenge au Mombasa. Ulipangwa kwenye karatasi na mjenzi aitwaye James Rouse, ukafunguliwa mwaka 1967 kwenye mashamba yaliyokuwa katikati ya Baltimore na Washington, ukagawanywa katika vijiji, na vijiji vikapewa maduka yao na mahali pa kukutania. Hata masanduku ya barua yaliwekwa pamoja, ili jirani akifuata barua yake akutane na jirani. Kinachotuchekesha sisi ni majina. Waliopanga mitaa waliyachota vitabuni: kuna Longfellow, kuna Faulkner Ridge, kuna Bryant Woods, kuna Hobbit's Glen iliyotoka kwa Tolkien. Mwenzetu wa Mombasa akasema basi mji mzima ni orodha ya marejeleo, na watu wanaishi ndani ya orodha bila kufungua kitabu. Kwa utani tukawauliza wakazi watatu wa Bryant Woods kama wamewahi kusoma shairi la Bryant. Wawili walidhani tunamsema mchezaji wa mpira wa kikapu.

Tulifanyia kazi kwenye maktaba ya kaunti iliyo karibu na Ziwa Kittamaqundi. Jambo la kwanza lilikuwa ugomvi wa neno. Mmoja alitaka tuseme makala "imenukuliwa". Mwingine akapinga: kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu kama yalivyo, lakini mwanasayansi anaweza kukutaja bila kuchukua neno lako hata moja, anakuelekeza tu kwa msomaji kwamba rudi kwa fulani, alishalisema. Tukaafikiana kuandika "kurejelewa". Walimu wetu wakiwa na neno zuri zaidi, ukurasa wa barua uko wazi.

Jambo la pili lilikuwa kuelewa hesabu yenyewe imetoka wapi, na hapa tuligundua kwamba tunaishi jirani na chimbuko lake. Mwaka 1879 daktari John Shaw Billings, aliyekuwa akisimamia maktaba ya madaktari wa jeshi mjini Washington, alianza kuchapisha Index Medicus, orodha ya makala za tiba kutoka duniani kote. Maktaba ile leo ndiyo Maktaba ya Taifa ya Tiba, iko Bethesda, na tangu 1996 orodha yake inasomwa na yeyote kwenye intaneti kwa jina la PubMed. Lakini orodha ya Billings ilisema tu nani kaandika nini. Aliyetaka kujua nani kamtaja nani ni Eugene Garfield wa Philadelphia. Alitoa wazo lake mwaka 1955, akiwa ameliiga kwa mawakili, ambao siku nyingi walikuwa na vitabu vya kufuatilia kesi ipi imetajwa katika kesi ipi. Kufikia 1964 alikuwa na kitabu chake cha sayansi. Nia yake ilikuwa kumsaidia msomaji kutafuta. Haikuchukua muda, watu wakaanza kukitumia kupimia watu.

Kisha 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo kinachotajwa sana sasa, kielezo h. Ukiwa na makala kumi ambazo kila moja imerejelewa mara kumi au zaidi, kielezo chako ni 10. Ukiwa na makala moja tu iliyorejelewa mara elfu tano, kielezo chako ni 1. Tulipoeleza hivyo nyumbani Long Reach, mtu mmoja pale mezani akasema: "Kwa hiyo anayezaa wengi ndiye mzazi bora?" Hatukumjibu. Tulikuwa tunajaza jedwali.

Jedwali letu lilikuwa na watafiti tisa wa ubongo na neva, kutoka Kilifi, Kampala na Dar es Salaam. Tuliwapanga kwa kielezo, juu hadi chini, tukawapaka rangi. Kule juu alikaa mtafiti mmoja wa malaria kali ya watoto, na tulikuwa tumeshamchagua. Kule chini kabisa tulimweka Henry Rwiza, daktari wa Kitanzania wa mishipa ya fahamu. Makala zake zilizotokea kwenye orodha yetu zilikuwa chache, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mwaka 1992, zote katika jarida la Epilepsia, zote kuhusu wilaya moja: Ulanga.

Jina hilo ndilo lililobadilisha kazi yetu.

Mama yake mwenzetu anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, zamu ya usiku. Jumamosi hiyo alirudi asubuhi akatukuta mezani na kompyuta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Hilo neno Ulanga linafanya nini hapo?"

Tulimweleza. Akakaa bila kuvua koti. Yeye kwao ni Mahenge, milimani, ndani ya Ulanga hiyo hiyo, na kwa miaka yote ya kuishi Maryland hakuwahi kuliona jina la kwao likiwa limechapishwa kwenye kioo cha Mzungu. Akataka tumsomee. Tukamsomea kwamba Rwiza na wenzake, akina Kilonzo na Matuja na wengine wengi, walizunguka vijiji 11 vyenye watu zaidi ya 18,000, wakakuta kwamba katika kila watu elfu moja, 10.2 wana kifafa.

"Kumi?" akasema. "Kwetu hatukuwa kumi. Sisi tulikuwa wengi."

Tukateremka chini zaidi kwenye makala. Wastani ndio ulikuwa kumi. Vijiji vilitofautiana: kingine watano kwa elfu, kingine 37.

"Hapo sawa," akasema Mama. "Huyo alifika."

Ndipo akatueleza habari ambayo hata mwanawe hakuwa ameisikia. Mdogo wake wa kiume, yule ambaye mwenzetu alimjua tu kama mjomba anayeumwa, alianza kuumwa akiwa na miaka kama sita. Siku moja wazazi wako shamba, yeye Mama ana miaka tisa, chungu kiko jikoni, mtoto akaanguka karibu na mafiga na mguu wake wa kushoto ukaingia motoni. Bibi yao alikuwa amewaonya siku zote: povu la mwenye kifafa likikugusa na wewe unaupata. "Basi nikasimama," akasema. "Nilisimama nikalia, sikumgusa." Mtu aliyekuwa akipita na jembe alisikia kilio, akaingia akamvuta kwa shati. Mguu ule hauna vidole viwili mpaka leo.

Alisimulia hayo akiangalia kompyuta, si sisi. Hatukujua tuseme pole ya namna gani. Mwenzetu Mmarekani, ambaye kwa kawaida ana methali ya kila hali, alinyamaza, akaenda kuchemsha chai.

Baada ya hapo mtafiti wetu wa malaria tulimwacha. Tulianza kuzifuata makala za Ulanga kurudi nyuma, yaani kuangalia Rwiza alimrejelea nani. Alimrejelea daktari mwanamke wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall. Huyu alifika Tanganyika akiwa kijana, miaka ya mwisho ya ukoloni, akakuta Mahenge kuna kifafa kupita kiasi, akaanzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuwapa wagonjwa fenobabitali, dawa ya bei rahisi. Mwaka 1965 alichapisha makala ndefu juu ya kifafa cha Wapogoro katika jarida la magonjwa ya akili la nchi za Skandinavia. Kumpata kulitusumbua kwa sababu ya jambo dogo: kwenye makala hiyo anaitwa Aall-Jilek, na kwenye za baadaye anaitwa Jilek-Aall. Kompyuta ikamhesabu kama watu wawili. Tukacheka, halafu mwenzetu wa Morogoro akakumbuka kwamba cheti chake cha kuzaliwa, pasipoti yake na kitambulisho chake cha chuo vina mipangilio mitatu tofauti ya majina yake. Akianza kuchapisha, sijui watakuwa akina nani hao watatu.

Tuliipata makala ya 1965 kupitia maktaba ya chuo. Yote aliyotuambia Mama yalikuwamo: hofu ya povu, makovu ya moto, mgonjwa kutengwa. Mama akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza imeandikwa mwaka gani. Tukarudia.

"Sitini na tano mimi sijazaliwa," akasema. "Kwa hiyo lilikuwa linajulikana. Limeandikwa, wakubwa wamelisoma, halafu mimi nikaja kusimama pale jikoni."

Tuwe wa haki. Daktari yule hakuandika tu. Kliniki yake iliendelea baada yake, na mdogo wake Mama mwenyewe alikuja kupata vidonge hapo, ndiyo maana yuko hai. Katika makala nyingine ya 1992 Jilek-Aall na Rwiza waliwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile baada ya miaka 30. Zaidi ya nusu walikuwa wamefariki, wengi kwa sababu za kifafa chenyewe, maji na moto vikiwemo. Lakini zaidi ya nusu vilevile, dawa ilikuwa imewazuia kabisa kuanguka. Mtu anayetumia miaka 30 kurudi kwa wagonjwa wale wale hapati makala nyingi. Anapata moja. Kwenye jedwali letu lenye rangi, miaka hiyo 30 ilihesabiwa sawasawa na makala ya mtu aliyekaa maabara miezi mitatu. Tulifuta rangi.

Kuna kitu kingine kwenye kazi za Jilek-Aall ambacho wanachama wa chama chetu wanapaswa kukijua, maana ni chetu kabisa. Miongoni mwa watoto wa Mahenge aliwaona baadhi ambao kabla ya kuanza kuanguka, au pamoja na kuanguka, vichwa vyao vilikuwa vikishuka kifuani, vikiinuka, vikishuka tena. Aliwauliza watu jambo hilo wanaliitaje, nao wakamwambia kwa Kiswahili: amesinzia kichwa. Aliyaandika maneno hayo kama alivyoyasikia. Yakalala.

Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Anthony van Raan, ana jina la makala za namna hiyo. Mwaka 2004 aliziita warembo waliolala: zinachapishwa, hakuna anayezigusa miaka na miaka, halafu ghafla kila mtu anazitaja. Iliyowaamsha hawa wa Mahenge ilikuwa balaa. Watoto wa Sudan Kusini, kisha wa Kaskazini mwa Uganda, wilaya za Kitgum na Pader, walianza kuonekana kwa wingi wakiwa na vichwa vinavyoshuka hivyo hivyo, wakidhoofika, wakiacha shule. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake waliandika tena juu ya wagonjwa wa Mahenge. Mwaka 2012 wataalamu walikutana Kampala. Wakiulizana ugonjwa huu mpya umetoka wapi, jibu lilikuwa kwamba si mpya: rudini Mahenge, miaka ya sitini. Mwaka 2013 Jilek-Aall, akiwa mtu mzima sana, alikuwa mmoja wa waandishi watatu wa makala ya historia ya ugonjwa huo katika jarida la African Health Sciences la Makerere. Nusu karne ilikuwa imepita.

Sasa tazameni neno. Kwa Kiingereza ugonjwa ulipewa jina la kitendo cha kichwa kwenda chini na juu, na neno lao hilo linabeba maana mbili, mtu anayekubali na mtu anayesinzia. Likirudi kwa Kiswahili, tumesikia watu wakilitafsiri "ugonjwa wa kutikisa kichwa". Lakini kutikisa ni kazi; anayetikisa ana nguvu shingoni. Mwaka huo huo wa 2013, watafiti wa Marekani na Uganda, akiwemo Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere, walichapisha katika Lancet Neurology uchunguzi wa watoto wa Kitgum waliopimwa umeme wa ubongo na wa misuli. Walikuta kwamba kichwa kinaposhuka, misuli ya shingo inakuwa imelegea ghafla. Hakuna anayetikisa kitu. Kichwa kinaanguka kama cha mtu aliyepitiwa na usingizi. Akina mama wa Mahenge, wasio na mashine yoyote, walikuwa wamesema amesinzia.

Mwenzetu wa Mombasa aliuliza: kwa kielezo h, akina mama hao wana ngapi? Tukaona ni swali la kipuuzi, kisha tukaona si la kipuuzi, kisha tukaliacha, kwa sababu kurasa nne zilikuwa zinakwisha.

Ila hatukuweza kuiacha Bethesda. Mwaka 2017 Tory Johnson, Avindra Nath na wenzao wa taasisi ya serikali ya magonjwa ya neva iliyoko Bethesda walichapisha makala iliyozungumzwa sana. Walidokeza kwamba pengine ugonjwa wa kusinzia kichwa unatokana na kinga ya mwili: mtu anaambukizwa mnyoo wa usubi kwa kuumwa na inzi weusi wa mitoni, mwili unatengeneza silaha za kumpiga mnyoo, na silaha hizo zinapiga pia protini ya mgonjwa mwenyewe. Wengine waliopima baadaye hawakupata matokeo hayo hayo, na mjadala unaendelea. Kwamba usubi na kifafa vinakwenda pamoja, hilo limezidi kupata nguvu. Watafiti wa Tanzania wakiongozwa na Bruno Mmbando wameandika mwaka 2018 kwamba katika vijiji vya Mahenge kifafa bado ni kingi hata baada ya miaka 20 ya kugawa ivamektini.

Tulipomweleza Mama, swali lake halikuhusu mnyoo. Aliuliza jengo lenyewe liko wapi pale Bethesda. Kwa gari kutoka Columbia ni kama saa moja, barabara ya 495 ikikuhurumia. Tukamwonyesha kwenye ramani. Akacheka kicheko kisicho na furaha: kwa miaka miwili aliwahi kumtunza mzee mmoja mtaa wa pili tu kutoka hapo. Alikuwa akipita nje ya ukuta ule kila jioni akiwahi basi. Ndani wanauchunguza ugonjwa wa mdogo wake, na yeye nje hajawahi kumwambia mtu yeyote Marekani kwamba ana mdogo mwenye ugonjwa huo.

Wiki iliyofuata tulimpigia mjomba simu kwa WhatsApp. Kwetu saa tatu asubuhi, kwao saa kumi na moja jioni, ametoka kwenye mpunga. Tulitaka atuhakikishie maneno "amesinzia kichwa", kwani ni vibaya kuliandikia gazeti la Kiswahili neno ambalo umelitoa kwenye makala ya Kiingereza. Alicheka.

"Wajomba zangu, mimi ndiye niliyesinzia. Nikiletewa ugali tu, kichwa kinakwenda. Mama akidhani nimechoka. Nikiinuka naona tonge limeanguka, sijui nani kaliangusha."

Tukamsomea ukurasa ambao tulikuwa tumeamua kuuandika, mbali na kazi ya Mwalimu: muhtasari wa makala zile nne, kwa Kiswahili cha kawaida, wa kumtumia yeye na majirani. Tulikuwa tumeanza kisomi. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kisha takwimu. Kisha usubi. Kisha, aya ya tano, kwamba povu haliambukizi.

Akatusikiliza kwa adabu. Kisha akasema: "Mmeandika vizuri. Lakini hiyo ya mwisho iwe ya kwanza. Andikeni mtu akianguka avutwe motoni, atolewe majini, alazwe ubavu, asiogopwe. Habari ya ubongo mtu ataisoma akishatoka motoni."

Mama alikuwa nyuma yetu. Hakusema kitu kwenye simu. Wao wawili hawajawahi kuzungumzia siku ile, na hawakuizungumzia siku hiyo. Alichukua simu akaingia nayo chumbani, tukasikia Kipogoro kwa muda mrefu, na mwenzetu wa Morogoro, ambaye Kipogoro chake ni cha salamu tu, hakuweza kututafsiria.

Kabla hajakata, mjomba aliomba kuongea nasi tena. Alikuwa na swali kuhusu makala zile. Je, kuna iliyosema vidonge vitarudi lini? Anakochukulia dawa walikuwa wamemwambia arudi mwezi ujao, na mwezi uliopita walimwambia vivyo hivyo. Tukamjibu kwamba makala hazisemi. Akasema haya. Jioni ile tulichanga, Mama akaongeza, pesa zikaenda kwa simu na dawa zikanunuliwa duka la dawa la Ifakara. Hizo ni za miezi mitatu.

Kazi ya Mwalimu tuliiwasilisha ikiwa na watafiti wawili badala ya mmoja, Rwiza na Jilek-Aall, kinyume cha maagizo. Jedwali tuliliacha ndani, bila rangi, na chini yake tukaandika kile ambacho lilikuwa haliwezi kuonyesha: kliniki, miaka 30, maneno mawili ya Kiswahili. Darasani mtu aliuliza kama tunadhani kuhesabu marejeleo kuachwe kabisa. Sisi watatu hatukubaliani. Mwenzetu Mmarekani, anayeomba nafasi ya kusomea sayansi ya ubongo mwaka kesho, anasema bila hesabu ile tusingeweza kumfuata Rwiza mpaka kwa Jilek-Aall, na ni kweli. Kitabu cha Garfield kilifanya kazi ambayo Garfield alikitakia. Mwenzetu wa Mombasa anasema kutafutia ni sawa, kupangia watu mishahara si sawa. Maelfu ya wanasayansi wameweka saini kwenye tamko la San Francisco la mwaka 2012 wakisema karibu hivyo, kwamba mtu asipimwe kwa namba ya jarida alilochapishiwa. Wa Morogoro hakuchangia. Alikuwa anahariri ule ukurasa wa mjomba kwenye simu chini ya dawati.

Mwalimu alitukata alama kwa kuzidisha kurasa, na kwa kuandika "takwimu hii" mahali tulipopaswa kuandika "takwimu hizi". Halafu akaomba nakala ya ukurasa wa mjomba.

Mjomba naye aliupokea kwa simu siku hiyo hiyo. Akajibu kwa sauti kwamba aya ya kwanza sasa iko sawa, amewasomea watu wawili, ila herufi ni ndogo mno na kioo cha simu yake kimepasuka. Tukazikuza herufi. Umekuwa kurasa tatu.